Sifa Iliyosomwa Kama Mashtaka: Kisa cha Neno "Effervescent" Mombasa

Kisa hiki kilitokea Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba moja ya mtaa wa Kuze, na chanzo chake ni neno moja la Kiingereza lililoandikwa kwa wino wa buluu chini ya ripoti ya shule ya msichana wa Gredi ya Nane. Wahusika sitawataja, wala shule sitaitaja, kwa kuwa hakuna aliyekusudia ubaya na wote wanaendelea kuonana. Neno lenyewe ni "effervescent", ambalo husemwa juu ya kitu kinachotoa povu. Mwalimu wa darasa aliliandika kama sifa, baba wa msichana akalisoma kama mashtaka, na kwa kuwa baba ni mtu wa vitendo, adhabu ikatangulia maswali. Mama wa msichana, ambaye ni jirani yangu wa muda mrefu na anajua kwamba riziki yangu ni kuhariri na kufasiri, aliniletea ripoti hiyo pamoja na nakala ya barua ambayo mumewe alikwisha kuipeleka shuleni, akaniomba nimwambie ni nani kati ya watu wazima hao wawili aliyekosea.

Jibu la haraka ni kwamba kamusi ya baba haikukosea hata herufi moja, na mwalimu naye alilitumia neno lake sawasawa. Kilichowakosanisha ni njia ambayo kila lugha imelipitisha povu mpaka likafika kwenye tabia ya mtu: Kiingereza kimelifikisha kwenye furaha, nasi tumelifikisha kwenye hasira.

Baba ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kiingereza anakijua, tena wengi mtaani humpelekea barua zao awasomee, lakini ni Kiingereza cha hati: ankara, orodha za shehena, fomu za forodha. Katika Kiingereza cha namna hiyo neno lina maana moja na hairuhusiwi kuwa na ya pili, kwa sababu karani akikiita kitu kwa jina lisilo lake, kontena hulala bandarini na gharama za kulilaza hupanda kila kukicha. Neno "effervescent" alilifahamu kuliko watu wengi wa mtaa ule. Alikuwa amelipiga chapa mara nyingi kwenye hati za shehena za dawa, mahali panapoelezwa tembe za vitamini C na za maumivu, zile zinazotumbukizwa kwenye gilasi ya maji zikatoa mapovu. Hata hivyo hakuitegemea kumbukumbu yake peke yake, na hilo ni la kumsifu. Alifungua kamusi ya mfukoni akakuta mambo mawili: "-enye kutoa povu" na "-enye kuchemka".

Sentensi ya mwalimu ilisema kwamba binti huyo ni "effervescent", na kwamba akiwepo darasa zima huamka. Ukisoma sehemu ya kwanza kwa macho ya kamusi ile, sehemu ya pili inajipanga yenyewe nyuma yake, kwa sababu mtoto anayechemka akiamsha darasa, basi darasa hilo limevurugwa. Baba hakuona haja ya kuuliza zaidi. Alikaa mezani akaandika barua kwa Kiswahili cha heshima, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, na asubuhi akampa binti mwenyewe aipeleke. Nakala yake ilisomeka hivi: "Mheshimiwa Mwalimu, nimesikitika kupata habari kwamba binti yetu huchemka na kutoka povu darasani hata akawaamsha wenzake. Sisi nyumbani hatukumlea hivyo. Nimemwondoa katika kikundi cha nyimbo mpaka nitakapoona ametulia." Kikundi hicho kilikuwa kikijiandaa kwa mashindano ya muziki ya shule, na binti ndiye aliyekuwa amepewa sehemu ya kuimba peke yake.

Mwalimu wa darasa alipoisoma barua alimpigia simu mama, si baba, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuuliza kama nyumbani kuna tatizo. Mama alishangaa. Akamsomea mwalimu neno lake mwenyewe kutoka kwenye ripoti, herufi kwa herufi, na hapo mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mama, mimi nilikuwa namsifu." Mama alimpelekea mumewe maneno hayo. Mumewe akamwonyesha kamusi.

Nilipofika kwao jioni, swali la baba lilikuwa la haki na lilistahili jibu. "Ndugu yangu," alisema, "hii kamusi sikuiandika mimi. Imesema povu, imesema kuchemka. Mimi nimeongeza nini?" Niliona ni afadhali tuanze na kitu chenyewe kabla ya jina lake, maana mtu anayefanya kazi ya kufungua makasha na kulinganisha yaliyomo na yaliyoandikwa huridhika zaidi na kitu kuliko hoja.

Hapa Mombasa, ambako tuko usawa wa bahari, maji huchemka yakifika kiasi cha digrii 100 za Selsiasi, na mapovu yanayopanda kutoka chini ya sufuria ni maji yenyewe yaliyogeuka mvuke. Ukiondoa moto, mapovu hukoma. Mapovu ya tembe ni jambo jingine kabisa. Ndani ya tembe hiyo mna asidi, aghalabu asidi ya sitriki, ile ile inayoipa ndimu ukali wake, na pamoja nayo mna bikaboneti ya sodiamu. Vikiwa vikavu hukaa pamoja bila kufanyiana lolote, na ndiyo sababu vichupa vya tembe hizo hufungwa kwa kifuniko chenye chembechembe za kunyonya unyevu. Katika hewa yetu hii ya pwani, tembe iliyoachwa wazi huanza kujimaliza yenyewe kabla haijaonja maji. Ikitumbukizwa majini, asidi na bikaboneti hukutana, na kutokana na kukutana kwao hutoka gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ni mgeni ndani ya maji, nayo hupanda juu kutafuta mlango. Haikuletwa na moto. Tena kazi nzima hiyo hunyonya joto badala ya kulitoa, hivi kwamba kimiminiko hupoa wakati kikifurika kwa mapovu.

Jambo hilo la mwisho baba hakulikubali, nami sikutarajia alikubali kwa maneno. Nilimwomba mama yake, bibi wa nyumba, ndimu na kijiko cha ile soda ya unga anayotia kwenye keki. Ndimu zikakamuliwa kwenye gilasi ya stili, ambayo hupitisha joto upesi kuliko ya kioo, na baba akaishika kwa kiganja kizima. Tulipotia soda, povu lilipanda kwa mlio mpaka ukingoni, likamwagikia sahani, likamlowesha vidole. Nilimuuliza kama imechemka. Hakunijibu, akawa anaitazama gilasi. Mamake akamnyang'anya, akaigusisha shavuni kama anavyopima homa ya mtoto, akasema, "Mbona baridi?"

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo, lakini baba alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba gilasi ile imejibu nusu tu ya swali. Alisema, "Sawa, moto haumo. Lakini mtoto wa kutoka povu, awe wa moto au wa baridi, si ni yule yule wa kutoka povu?" Naye alikuwa amegusa kiini cha kisa chote. Kemia inaweza kutuambia povu limetoka wapi, ila haiwezi kutuambia mtu akifananishwa na povu anasifiwa au anatukanwa. Hilo huamuliwa na wasemaji, na wasemaji wa Kiswahili wameliamua zamani.

Tazama maneno yetu ya jambo hili, kisha utazame yanakwenda wapi yakitoka jikoni. Damu ikimchemka kijana, anatafuta ugomvi. Mtu akichemka kwa maneno, amekasirika. Na katika Kiswahili cha vijana wa leo, aliyechemka ni aliyeshindwa au aliyeboronga. Chungu kikifoka, uji umemwagika kwenye jiko. Mtu akimfokea mwenziwe, amemkaripia kwa ukali mbele ya watu. Watangazaji wetu wa redio husema mzozo unatokota, na msikilizaji hujua kwamba hapo karibu patatokea rabsha. Povu ndilo lililoharibika kuliko yote: siku hizi mtu akiandika kwa jazba mtandaoni wenzake humwambia "povu linakutoka", yaani amepoteza adabu na hoja kwa pamoja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomalizikia kwenye furaha. Kwa hivyo baba, aliposoma kwamba bintiye huchemka na kutoa povu, hakufanya ujinga wowote. Alifanya kile ambacho Mswahili yeyote mwenye masikio angefanya, kwa sababu kamusi ilimpa maana ya maabara na yeye akaisikia kwa sikio la mtaani.

Sababu ya hali hii, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa wahenga wetu chochote kilichotoa mapovu kilikuwa juu ya moto, au kilikuwa kinachacha. Mapovu yalikuwa dalili kwamba kitu kinahitaji kuangaliwa, kupunguziwa kuni au kufunuliwa. Maji baridi yenye mapovu ya kuchezea mdomoni yalitufikia yakiwa yamefungwa kwenye chupa, na yalipofika yalikuja na jina lake, soda, ambalo hatukuliunganisha na kuchemka hata kidogo. Soda iliyokaa wazi tunasema imetoka gesi. Hatusemi imeacha kuchemka.

Kiingereza nacho kilianza pale pale kwenye moto, na hili lilimfurahisha baba kidogo, maana lilionyesha kwamba angeishi Roma ya kale asingekosea. "Effervescent" limetokana na kitenzi cha Kilatini "effervescere", yaani kuanza kuchemka hadi kufurika, na ndani yake mna "fervere", kuchemka. Kile kipande cha "-esc-" katikati huonyesha jambo linaloanza na kuendelea kukua. Kimo pia katika "convalescent", mgonjwa anayeanza kupata nguvu, na katika "adolescent", kijana anayeanza kukua kuelekea utu uzima. Kwa hiyo binti wa Gredi ya Nane ana haki ya kipande hicho mara mbili. Waingereza walilipokea neno hili katika karne ya 17, na waliolishika zaidi walikuwa wanakemia, ambao walihitaji jina la kile kinachotokea asidi inapomwagiwa chaki ikatoa mapovu pasipo moto. Mkononi mwao moto ulitoka ndani ya neno na povu likabaki.

Kisha yakaja maji ya gesi. Mwaka 1767, katika mji wa Leeds, Joseph Priestley aliyekuwa akiishi jirani na kiwanda cha bia aligundua namna ya kuyapa maji gesi ile iliyokuwa ikielea juu ya mapipa ya bia, na mwaka 1772 akachapisha maelezo ya jinsi ya kuyatengeneza. Jacob Schweppe alianza biashara ya maji ya namna hiyo Geneva mwaka 1783. Tangu hapo Mzungu wa kawaida aliweza kushika mkononi gilasi baridi inayotoa mapovu, aghalabu mahali pa mapumziko au pa karamu, na naona ni vigumu kuyatenganisha mazingira hayo na maana ambayo neno lilikuja kuichukua. Leo Kiingereza kimeyagawa mapovu yake. Ya hasira yamepewa "boil", "simmer" na "seethe", ambalo zamani lilikuwa neno la jikoni la kuchemsha nyama. Ya furaha yamepewa "bubbly", ambalo ni la mazungumzo ya kila siku, na "effervescent", ambalo ni la maandishi na lina adabu zaidi. Lipo pia "ebullient", nalo lina Kilatini cha kuchemka ndani yake, "bullire", lakini Mwingereza akilitumia kwa mtu anamaanisha amejaa furaha na matumaini. Kwa hivyo hata historia ya neno haitoshi kulitabiri. Mawili yaliyotoka kwenye moto yameishia kwenye kicheko.

Wala si Wazungu wote waliokwenda njia hiyo. Kifaransa kina neno lile lile, na Mfaransa akisema mji uko katika "effervescence" anaweza kumaanisha watu wamejaa barabarani na lolote laweza kutokea. Mwanasosholojia Émile Durkheim alilitumia mwaka 1912 kueleza ule msisimko unaowashika watu wakikusanyika kwa ibada, hata kila mmoja akajiona amebebwa na nguvu iliyo kubwa kuliko yeye. Mtu aliyewahi kusimama katikati ya zefe la maulidi anajua jambo hilo bila kufundishwa. Usomaji wa baba, basi, ungekaribia kupita Paris. Haukupita Kuze kwa sababu ripoti iliandikwa kwa Kiingereza cha Kenya, ambacho katika suala hili kinafuata Uingereza.

Matumizi ya neno hili kwa Kiingereza yana mipaka ambayo kamusi ya mfukoni haina nafasi ya kuieleza. Husemwa juu ya mtu na tabia yake, juu ya mazungumzo, ucheshi, uimbaji au uandishi. Ni sifa ya mtu ambaye uhai wake unaonekana kwa nje na unawagusa walio karibu naye. Mtu mwenye furaha ya kimya, hata iwe kubwa namna gani, haitwi hivyo. Hutumiwa zaidi kwa vijana na kwa wanawake, na wapo wanaoona, nami naelekea kukubaliana nao, kwamba ndani yake mna chembe ya kumfanya mtu kuwa mwepesi kuliko alivyo, kwa sababu mapovu ni mepesi na hayadumu. Jaji mkuu akiitwa hivyo angejiuliza maswali. Mtoto wa shule akiitwa hivyo, mzazi anayekijua Kiingereza hicho hutabasamu na huenda akakisia kwamba mtoto anaongea sana.

Kukisia huko hakukuwa mbali. Mama alimpigia mwalimu tena, safari hii simu ikiwa imewekwa sauti wote tusikie, na baba ndiye aliyeuliza. Alianza kwa kumwomba radhi kwa barua, kisha akasema kwa upole wa karani anayetaka hati ikamilike, "Mwalimu, niambie kwa Kiswahili, mtoto anafanya nini hasa?" Mwalimu akaeleza. Baada ya chakula cha mchana, jua la Mombasa likiwa juu ya bati na nusu ya darasa imelala na macho wazi, binti huyo huuliza swali moja na darasa linarudi. Katika kazi za vikundi, kikundi chake ndicho kinachocheka na ndicho kinachomaliza. Baba akauliza kama hakuna jingine. Mwalimu akacheka, akakiri kwamba pia huongea kupita kiasi, ila hakutaka kuliandika hilo kwa sababu ripoti hukaa miaka mingi kwenye jalada. Alichagua neno moja ambalo lingebeba sifa mbele na lawama ndogo mgongoni.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kwa kweli, kwa sababu kila mtu katika chumba kile alikuwa amekwisha kufahamu na sasa walitaka neno. Mama alisema "mchangamfu", na ndilo neno ambalo mfasiri yeyote angelishika kwanza. Ni zuri, lakini tunalisema pia juu ya muuza duka anayejua kukaribisha wateja na juu ya mgonjwa aliyeamka vizuri leo, kwa hiyo peke yake halifiki kwenye darasa lililoamka. Bibi alisema "mcheshi". Hilo nililikataa, kwa heshima, kwa kuwa mcheshi huchekesha, na mwalimu hakusema kwamba binti anachekesha watu. "Bashasha" ni ya uso wa mwenye kumpokea mgeni. Haikai mtu siku nzima. "Mkunjufu" ni sifa ya moyo, tena inamfaa zaidi mtu mzima. Nilipendekeza kwa majaribio "chemchemi ya furaha", kwa sababu chemchemi ni maji baridi yanayobubujika bila moto, na ukilitamka neno lenyewe utasikia mle ndani sauti ile ile ya kuchemka. Ni ushahidi kwamba hata Kiswahili kinayajua mapovu yasiyo na ugomvi. Bibi akalipenda. Baba akasema hiyo ni kaswida, si ripoti, na nadhani alikuwa sahihi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta "machachari". Niliona uso wa mama ukikunjamana, kwa kuwa mtoto machachari kwa wengi ni mtoto msumbufu, lakini neno hilo lilistahili kupimwa vizuri kuliko yote yaliyotangulia. Machachari hatulii, anaingia kila mahali, anauliza, anaruka, anachosha. Na pamoja na hayo hakuna anayelisema neno hilo bila kupenda kidogo kile anachokilalamikia. Lina sifa na lawama ndani yake kama lile la mwalimu, ila limegeuzwa: la mwalimu linatanguliza sifa na kuficha lawama, na letu linatanguliza lawama na kuficha mapenzi. Kwenye meza ya chakula litafaa. Kwenye karatasi itakayosomwa na mtu asiyemjua binti, litamwonyesha upande mmoja tu.

Pendekezo langu halikuwa neno moja. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kulichukua shina moja na kulipitisha kutoka kwa mtu hadi kwa wenziwe kwa kubadilisha kiambishi tu, na uwezo huo ndio uliohitajika hapa kwa sababu kiini cha sifa ya mwalimu kilikuwa ni uhai unaohama. Nikaandika: "Ni binti mchangamfu, akiwepo, darasa zima huchangamka." Yale ambayo "mchangamfu" peke yake lilishindwa kuyabeba, "huchangamka" liliyabeba, na sentensi nzima ikabaki fupi kiasi cha kuingia kwenye nafasi ya mistari miwili iliyoachwa kwenye fomu. Mapovu hayamo. Sioni kama ni hasara, maana mwalimu hakuwa akizungumzia mapovu.

Kuna suala moja ambalo mwalimu aliliuliza mwenyewe kabla ya kukata simu, kama angeruhusiwa kuandika maoni kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Nafahamu mazoea ya shule ni mengine, na kwamba mwalimu anayeandika kwa Kiingereza hudhaniwa amesoma zaidi. Lakini maoni ya mwisho wa muhula huandikwa kwa ajili ya mzazi kabla ya mtu mwingine yeyote, na katika nyumba ambamo Kiingereza ni lugha ya hati za mizigo, kila neno la Kiingereza lisilo la kawaida litasomwa kama hati ya mizigo. Mwalimu huyu, kwa bahati njema, hakuwa na ubishi.

Baba alikwenda shuleni mwenyewe kuiomba barua yake irudishwe, akarudishiwa. Kikundi cha nyimbo kilimpokea binti siku hiyo hiyo. Sehemu ya kuimba peke yake, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kupewa msichana mwingine, naye alikuwa amefanya mazoezi ya kutosha, na mwalimu wa muziki alikataa kumnyang'anya. Binti wa Kuze akaimba katika safu ya sauti ya pili, na kwa maelezo ya mama yake alinuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Ripoti ya muhula uliofuata ilikuja na maoni ya Kiswahili, neno kwa neno kama tulivyokubaliana. Kwenye nafasi ya mzazi, juu ya sahihi yake, baba aliandika, "Nimeyasoma na ninakubali. Na machachari."